Fremu ya rangi gani kwa Honda ya mwaka 1976 yenye tangi la kijani?

Swali: Habari za kazi, fundi. Ninajenga kafe resa, yaani pikipiki iliyovuliwa vitu vya ziada ifanane na ya mbio, kutoka kwenye Honda CB550 ya mwaka 1976. Mkia wa fremu nimeukata na kuchomelea bomba lililopindwa, kikasha cha betri nimekiondoa ili pale chini ya kiti pabaki wazi, na injini nimeisugua mpaka alumini inang'aa. Tangi nimeshaamua litakuwa kijani iliyokoza, na kiti kitakuwa cha ngozi ya kahawia. Nimekwama kwenye fremu. Niliona picha za Moto Guzzi ya zamani yenye tangi la kijani na fremu nyekundu, na tangu siku hiyo sioni rangi nyingine. Anayenisaidia kuchomelea anasema fremu ni nyeusi, basi. Rafiki mwingine anataka nipige kijivu. Nichague ipi? Nitumie rangi ya unga au ya kupuliza? Na mkono wa nyuma, ule unaoshika gurudumu la nyuma, uwe rangi ileile?

Jibu: Ndugu yangu, nianze na jibu lenyewe, sababu zitafuata. Ingekuwa yangu, fremu hiyo ningeipiga nyeusi, ila nyeusi iliyotiwa kidogo ya kijani cha tangi lako, yenye mng'ao wa nusu, na ningetumia rangi ya kupuliza, ile ya kuchanganya na hadina, dawa inayoifanya rangi iwe ngumu. Nyekundu ningeiacha. Picha uliyoipenda ni ya moja ya pikipiki nzuri kabisa zilizowahi kuundwa, kwa hiyo jicho lako halina kosa. Tatizo ni kwamba fremu ile na fremu yako ni vitu viwili tofauti, na rangi iliyoipendeza ile itaiumbua hii.

Uliyoiona ni V7 Sport, na zile zenye fremu nyekundu ndizo za mwanzo, za mwaka 1971; wapenzi wake huziita Telaio Rosso, yaani fremu nyekundu kwa Kiitaliano. Mhandisi wake, Lino Tonti, alikuta injini ya V7 ina dinamo iliyokaa juu, katikati ya silinda mbili, na dinamo hiyo ilikuwa inailazimisha fremu nzima ipande juu. Akaiondoa, akafunga alternata mbele ya injini. Nafasi ikapatikana, mabomba ya juu ya fremu yakashuka, yakapita karibu yamenyooka kutoka shingoni hadi nyuma. Silinda zenyewe zinachomoza kushoto na kulia, nje ya fremu. Kwa hiyo ukiitazama ubavuni unaona mistari michache, mirefu, isiyokatizwa. Wekundu ulipowekwa pale ulipita juu ya mchoro ambao tayari ulikuwa safi.

Sasa nenda kaitazame Honda yako, na upige magoti mpaka jicho liwe usawa wa injini. Mbele kuna mabomba mawili ya fremu yanayoshuka kutoka shingoni, lakini mbele yake yanapita mabomba manne ya ekzosi. Juu, mgongo wa fremu umezibwa na tangi. Shingoni kuna vibati vya kuimarishia vilivyokunjwa kwa mashine, vyenye kingo na mikunjo yake. Unachokiona cha fremu ni kipande cha mbele kati ya tangi na ekzosi, pembetatu uliyoifungua chini ya kiti, bomba linalopita chini ya injini, na mkia. Ni vipande vinne ambavyo jicho haliwezi kuviunganisha kwa sababu kati yake kuna injini pana ya silinda nne. Rangi kali ikikaa kwenye vipande vilivyoachana namna hiyo, jicho linarukaruka kutoka kimoja hadi kingine, na wakati huo injini uliyoitolea jasho inapotea katikati.

Kuna jambo la pili kwenye picha ile ambalo watu hawalitambui mpaka waambiwe. Kijani cha V7 Sport ni cheupe-cheupe, kijani cha ndimu chenye chembe za metali. Kwa hiyo juu pana rangi nyepesi, chini pana fremu iliyokoza kuliko tangi. Wewe unakusudia kinyume chake, yaani tangi lililokoza juu na fremu iliyochangamka kuliko tangi chini. Uzito wa rangi unapinduka. Tangi litaonekana limeielemea fremu, na pikipiki itaonekana fupi na nzito mbele, hata kama vipimo vyake havijabadilika hata milimita moja. Njia rahisi ya kulihakikisha hili ni kupiga picha ya pikipiki yako kwa ubavu, kuipaka rangi kwenye simu, halafu kuigeuza picha iwe nyeusi na nyeupe. Ukiondoa rangi, kinachobaki ni giza na mwanga tu, na utaona mara moja kipi kinakaa juu ya kipi.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kuuliza rangi gani, ninajiuliza kwanza kama fremu hii inastahili kuonekana. Zipo fremu zinazostahili. Ducati walishinda mbio za maili 200 za Imola mwaka 1972, Paul Smart wa kwanza na Bruno Spaggiari wa pili, wakiwa kwenye pikipiki zenye fremu ya kijani cha bahari, na 750 Super Sport ya mwaka 1974 iliyouzwa kwa umma ikabaki na rangi hiyo. Mpaka leo watu huitambua kwa fremu kabla hawajatazama kitu kingine. Pale pia fremu ina mabomba machache, haizunguki chini ya injini, na injini yenyewe ni sehemu ya muundo unaobeba uzito. Tangi lake ni la rangi ya fedha, kwa hiyo kijani hakina mpinzani.

Au chukua fremu za Metisse za ndugu wawili wa Uingereza, Don na Derek Rickman. Walitumia mabomba ya chuma ya Reynolds 531, wakayaunga kwa shaba badala ya kuyachomelea kwa umeme, kisha wakayapaka nikeli. Kila kiungo kilikuwa cha kuonyeshwa, na hakuna aliyetamani kukificha chini ya rangi.

Ipo pia njia ya tatu, ambayo wengi wameisahau: fremu kuwa rangi ileile ya mwili mzima. Indian nyingi za zamani zilikuwa nyekundu juu mpaka chini, na Harley-Davidson nyingi za zamani zilikuwa kijivu hivyohivyo. Triumph Speed Twin ilipotoka kwa msimu wa 1938 ilipakwa ile nyekundu iitwayo Amaranth, iliyo jirani na damu ya mzee, kuanzia tangi, madigadi na foki hadi fremu yenyewe. Honda nao walifanya hivyo kwenye Dream na Super Cub, ambazo fremu yake ni bati lililokunjwa na kwa hiyo haitofautiki na mwili. Njia hii inapendeza sana pikipiki ikiwa na madigadi makubwa na vifuniko, kwa sababu rangi inapata mahali pa kukaa. Kafe resa uliyoivua kila kitu haina pa kuiweka. Kijani kitakuwa juu kwenye tangi, halafu kitarudi chini kwenye mabomba membamba, na katikati kuna alumini tupu. Nimeona kazi nzuri za aina hiyo, lakini zote zilikuwa na fremu iliyosafishwa mpaka hakuna kibati hata kimoja kilichobaki bila kazi.

Kuhusu kijivu, rafiki yako ana hoja, na ina historia yake. Mwaka 1971 BSA, kiwanda cha Uingereza, walitoa pikipiki zenye fremu mpya, wakazipaka kijivu cheupe kama cha njiwa. Wanunuzi hawakuzipenda, na mwaka uliofuata zikarudi nyeusi. Mimi naamini sababu ni ileile utakayokutana nayo wewe. Kijivu chepesi kinaonyesha kila tone la oili, kila rasha la mafuta ya mnyororo, kila alama ya buti. Kwenye pikipiki ya mbio hiyo ni faida kubwa, kwa sababu fundi anataka kuona ufa mdogo unapoanza kwenye kiungo au oili inapotoka. Kama ungekuwa unaipeleka kwenye mbio ningekwambia ichukue kijivu leo hii. Kwa ya barabarani, utaishi na kitambaa mkononi. Kijivu kizito, kama kile chenye namba 7016 kwenye kadi za RAL (orodha ya rangi zenye namba), kinastahimili uchafu vizuri zaidi, ila kina ubluu ndani yake, na ubluu huo ukikaa kati ya kijani iliyokoza na ngozi ya kahawia unaleta ubaridi ambao sidhani unautaka. Ukikipenda kijivu, tafuta chenye ukahawia kidogo.

Basi tunabaki na nyeusi, na hapa namwunga mkono anayekuchomelea, ingawa nadhani hajakupa sababu. Viwanda viliipenda nyeusi kwa sababu inafunika vizuri hata ikiwa nyembamba, na kwa sababu masizi yanayoipa weusi hayapauki juani. Yanakinga hata rangi yenyewe isiharibiwe na mwanga. Nyekundu na manjano ni kinyume chake: zinafunika vibaya, zinadai praima ya rangi inayozifaa chini yake, na nyekundu nyingi hupauka. Kwako wewe lakini sababu kubwa ni injini. Umeisugua alumini mpaka inang'aa. Fremu ikirudi nyuma kwenye kivuli, injini inakuja mbele, na mapezi ya silinda yanaonekana moja moja. Hayo ndiyo mandhari ya CB550. Laiti ungekuwa umeipiga injini rangi nyeusi, ushauri wangu ungebadilika kabisa, kwa sababu fremu nyeusi na injini nyeusi huwa donge moja la giza, na hapo fremu yenye rangi ndiyo ingeiokoa pikipiki.

Lakini nyeusi ipi? Hapa watu wengi huharakisha, na ndipo penye kazi nzuri na kazi ya kawaida. Nyeusi kali ya dukani, yenye namba 9005 kwenye kadi za RAL, ikikaa karibu na kijani iliyokoza, hukifanya kijani kionekane kama kitu kilichobandikwa. Ukimwomba mchanganyaji aweke sehemu ndogo ya kijani cha tangi ndani ya nyeusi, hakuna mtu atakayesema fremu yako ni ya kijani. Kivulini itaonekana nyeusi. Jua likiipiga kwenye mgongo wa bomba, mstari wa mwanga utakuwa na kijani kwa mbali, na tangi na fremu vitaonekana vimetoka kwenye karakana moja. Anza na kidogo mno, kwa sababu kuongeza ni rahisi na kupunguza haiwezekani.

Mng'ao una uzito sawa na rangi yenyewe. Bomba ni duara, kwa hiyo mwanga haulipigi sawasawa. Rangi inayong'aa sana inaukusanya mwanga kwenye mstari mwembamba, mweupe, unaokimbia urefu wote wa bomba. Bomba linaonekana jembamba na kali. Ila mstari huohuo ukifika kwenye kilehemu (mshono wa kuchomelea) kibaya au shimo la kutu, unapinda, na kila mtu anauona. Rangi isiyong'aa kabisa inautawanya mwanga, inaficha makosa, lakini bomba linaonekana nene na bapa. Isitoshe, inashika mafuta ya vidole na haiwezi kung'arishwa: ukiisugua, panapong'aa patabaki panang'aa. Vilehemu vya kiwandani vya fremu kama yako havikufanywa ili vitazamwe. Mng'ao wa nusu unavisamehe, na bado unakupa ule mstari wa mwanga. Ukitaka mng'ao kamili, jiandae kutumia muda mrefu na tupa na msasa kwenye kila kiungo, na uwe mwangalifu usikile kilehemu chenyewe, maana ndicho kinachoshika.

Usichague kwenye kadi ya karatasi. Kadi ni bapa, fremu yako ni duara, na rangi ileile itaonekana tofauti. Una kifaa bora cha majaribio ambacho wengine hawana, yaani vile vipande vya mkia ulivyovikata. Visafishe, vipake praima ileile utakayotumia, kisha kimoja kipige nyeusi ya kawaida, kingine nyeusi yenye kijani kidogo, cha tatu yenye kijani zaidi, na kama moyo bado unakusumbua, kimoja kipige nyekundu yako. Vishikilie chini ya tangi lililokwisha kupakwa, kipande cha ngozi ya kiti kikiwa pembeni, karibu na injini. Vitazame jua la mchana, vitazame kivulini, vitazame chini ya taa ya karakana. Rangi mbili zinaweza kufanana kabisa chini ya taa na kuachana nje, kwa hiyo neno la mwisho liwe la mwanga wa nje. Simama pia mbali, kama hatua kumi, kwa sababu huko ndiko watu wataiona pikipiki ikipita.

Kuhusu unga au kupuliza. Unga ni imara, sitakudanganya. Unarushwa ukiwa na chaji ya umeme, unashika chuma, kisha unaokwa kwenye tanuri kwa takriban nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi mpaka uyeyuke na kuwa ngozi moja. Hauchuniki ovyo kwa mawe ya barabarani. Kwa anayetaka nyeusi ya kawaida na hataki kuifikiria tena, ni chaguo zuri, mradi achukue unga wa poliesta. Ule wa epoksi peke yake juani hupauka na kutoa chaki. Lakini kwako nina sababu tatu za kuuepuka.

Ya kwanza, rangi za unga huja tayari kutoka kiwandani. Hakuna kuchanganya tone la kijani na unga mweusi. Ukichanganya unga wa rangi mbili utapata vidoadoa. Ya pili, umekata na kuchomelea. Ukigundua baadaye kwamba kibati cha kushikia betri kimekaa vibaya, au kiti hakitoshi, utachomelea upya, na unga ulioungua hauzibiki bila kuonekana. Rangi ya kupuliza unaweza kuisugua eneo hilo, ukapuliza, ukafifisha kingo. Ya tatu ni zile pembe za ndani za shingo, pale vibati vinapokutana. Chaji ya umeme hukwepa pembe za ndani, unga haufiki vizuri, na ngozi inakuwa nyembamba hapohapo ambapo maji hukaa. Unga ukipasuka mahali kama hapo, kutu hutembea chini yake bila wewe kuona, mpaka siku ngozi itakapoinuka kama ganda.

Ukiamua unga hata hivyo, pati ya kawaida ya kuzibia mashimo usiitumie, haitastahimili tanuri. Na mwambie mpakaji azibe vitu hivi, tena umwandikie: vikombe vya beringi za shingo, tundu la ekseli ya mkono wa nyuma, thredi zote, na nyuso zote ambapo injini inabanwa kwenye fremu. Ngozi ya unga ina unene wa mikroni 60 hadi 100 au zaidi, na ikibanwa kati ya vyuma viwili hulegea polepole. Bolti uliyoikaza sawasawa inapoteza mkazo wake, injini inaanza kutetemeka. Namba ya fremu iliyopigwa kwenye shingo nayo isizibwe na rangi nene. Lazima isomeke kwa macho, kwa sababu ndiyo kitambulisho cha pikipiki, na fremu yenye namba isiyosomeka inakuletea maswali usiyoyahitaji.

Rangi ya kupuliza nayo ina masharti yake. Praima iwe ya epoksi, iwekwe kwenye chuma kitupu. Fremu ikishapigwa mchanga, yaani kusafishwa kwa mchanga unaorushwa kwa hewa, chuma kiko uchi na kina kiu. Kwenye hewa yenye unyevu kinaanza kushika kutu ndani ya saa chache, kwa hiyo praima iwe tayari siku hiyohiyo, na usikishike kwa mikono mitupu. Kabla ya kupigwa mchanga ziba kila tundu linaloingia ndani ya mabomba, na baada yake puliza hewa ndani mpaka usisikie chochote kikichakarika. Juu ya praima, rangi ya 2K, yaani ile ya kuchanganya na hadina. Hiyo haiogopi petroli ikishakauka barabara, tofauti na rangi za makopo ya kupuliza ambazo petroli huzilainisha. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 yanakula rangi ya aina yoyote. Breki yako ya mbele ni ya diski, kwa hiyo yakidondoka yafute kwa maji papo hapo.

Na tafadhali sana, hadina ya 2K ina kemikali iitwayo isosayaneti. Huingia mapafuni na inaweza kukuachia pumu ya maisha, na barakoa ya karatasi haizuii chochote. Kama huna barakoa ya kuletewa hewa safi kwa bomba na mahali palipotengenezwa kwa kazi hiyo, fanya matayarisho yote mwenyewe, halafu mpe kazi ya kupuliza mwenye vifaa. Hilo silipunguzii uzito.

Kabla ya yote hayo, iunganishe pikipiki nzima ikiwa bado haina rangi. Nyaya zipite zinapopita, kebo zifungwe, betri ikae mahali pake papya, kiti kifungwe, ekzosi ifungwe. Iwashe, iendeshe kwa muda, tena kwenye barabara mbaya. Utagundua bomba la mkia linagusana na tairi shokapu zikibanwa, au kebo ya klachi inasugua shingo, na utachomelea au utatoboa bila uchungu. Hapo ndipo pia utakapoona jinsi pembetatu uliyoifungua inavyoonekana ikiwa na vitu vyake. CB550 inabeba oili yake ndani ya injini, haina tangi la oili ubavuni kama CB750, na ndiyo maana pembetatu hiyo inaweza kubaki wazi kweli. Lakini kabureta nne, nyaya na betri lazima ziwe mahali. Fremu nyeusi itazimeza nyaya nyeusi. Fremu yenye rangi ingeonyesha kila waya na kila kamba ya plastiki kama mstari uliochorwa kwa makusudi, na hiyo ni sababu nyingine ya kuogopa nyekundu kwenye fremu iliyofunguliwa katikati.

Hukuniuliza, ila najua utajaribiwa: usipige kromu fremu, na usiache chuma kitupu chini ya lakka isiyo na rangi. Matayarisho ya kromu yanataka mabomba na vilehemu visuguliwe sana, yaani unakipunguza chuma pale kinapobeba mzigo, na mchakato wenyewe huingiza haidrojeni ndani ya chuma na kukifanya kivunjike kirahisi kisipookwa vizuri baadaye. Lakka juu ya chuma kitupu inapendeza mwanzoni, halafu kutu inaingia kwenye mkwaruzo mmoja na kutambaa chini kwa vijistari vyembamba kama utando wa buibui. Utalazimika kuvua kila kitu.

Kama wekundu bado unauota, uupe mahali padogo ambapo utaonekana umekusudiwa: mstari mwembamba wa brashi pembeni mwa tangi, au uzi mwekundu kwenye mshono wa kiti cha ngozi. Kijani iliyokoza inaupenda wekundu mwembamba. Inaukataa ukiwa mwingi.

Swali lako la mwisho, mkono wa nyuma. Uwe rangi ileile ya fremu na mng'ao uleule, na ikiwezekana upulizwe siku hiyohiyo kutoka kwenye mchanganyiko uleule. Jicho linaufuata mkono huo kama mwendelezo wa fremu mpaka kwenye ekseli, na ukiwa wa fedha pikipiki inakatika nyuma ya injini. Sehemu ya chini ya mkono, upande wa mnyororo, ongeza koti moja zaidi, kwa sababu ndipo mafuta na mawe yanapopiga. Spoki na rimu ziache kama zilivyo, stendi na vishikio vya miguu vipige nyeusi ya fremu. Unaporudisha vitu, kwangua rangi mpaka chuma kitupu pale waya wa athi (wa kurudishia umeme kwenye betri) unapofungwa kwenye fremu, ukaze bolti, kisha upake grisi juu yake. Taa nyingi zinazozimikazimika kwenye pikipiki zilizopakwa upya zina asili hapo. Rangi itakayobaki iweke kwenye chupa ndogo iliyojaa hadi juu, bila hadina, na uandike juu yake uwiano wa kijani na nyeusi. Siku mkwaruzo wa kwanza utakapotokea shingoni, pale kebo zinapopita, utaihitaji.